Sauna ya Kifini Kibaha: ijengwe Kipwani

Kibaha na Finland ni marafiki wa zamani kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa imepata uhuru juzi tu, nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliungana na serikali ya Mwalimu Nyerere katika mradi mmoja mkubwa, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Shabaha ilikuwa wale maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Ikajengwa shule ya sekondari, kituo cha afya, na chuo cha wakulima. Tarehe 10 Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali, nalo Shirika la Elimu Kibaha likazaliwa. Kituo kile cha afya ndicho kilichokua hadi kuwa hospitali ya Tumbi. Miaka michache baadaye Finland ilimleta Dar es Salaam balozi kijana aitwaye Martti Ahtisaari, aliyekaa kuanzia 1973 hadi 1977, akaja kuwa rais wa nchi yake na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2008.

Tulichukua kwao shule na dawa. Chumba chao cha moto hatukukitamani, na sababu haihitaji mtaalamu: mtu anayelala na feni usiku kucha Machi nzima atalipia joto la nini?

Swali hilo sasa linaulizwa kwa sauti nyingine. Watu wa Dar wanaonunua viwanja Kibaha, Mlandizi na kwenye vilima vya Kisarawe wanajenga nyumba za kupumzikia mwisho wa wiki. Baada ya kisima, ukuta na banda la nyama choma, mwenye nyumba huanza kuota vitu alivyoviona hotelini, na sauna ni kimojawapo. Wengi hukutana kwanza na kile kijumba cha mbao cha kuunganisha, chenye mlango wa kioo na tanuri la umeme, kinachosafirishwa kikiwa vipande vipande. Nadhani hapo ndipo pesa inapopotea. Sauna ni jengo dogo lenye masharti machache magumu, na karibu masharti yote yanaweza kutimizwa na mafundi wa Maili Moja, pale Kibaha, kwa vifaa vya hapa hapa, ilimradi mtu aelewe chumba kinavyofanya kazi.

Kwa Wafini sauna si anasa. Nchi ina watu zaidi ya milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kupita milioni 3. Zamani wanawake walijifungulia humo, kwa sababu ndicho kilikuwa chumba safi na chenye maji ya moto kuliko vyote katika boma, na maiti ilioshewa humo pia. Mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika. Rais Urho Kekkonen alipotimiza miaka 60, Septemba 1960, alimkaribisha Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, saunani Helsinki, wakakaa humo hadi alfajiri.

Umbo la kitu chenyewe ni jepesi. Ni chumba cha mbao, kidogo, kisicho na mwanga mwingi. Pembeni kuna tanuri la chuma au la matofali lililobebeshwa mawe juu, Wafini huliita kiuas. Ukutani kuna mabenchi ya ngazi mbili au tatu. Hewa hupashwa hadi nyuzi 80 au 90 za Selsiasi. Watu hukaa, hutoka jasho, kisha mmoja humwagia mawe kata ya maji, na wimbi la mvuke, löyly, huwapanda mabegani. Halafu hutoka nje kupoa. Hurudia mara mbili tatu, wakaoga, wakala.

Sasa turudi kwa yule wa feni. Nyuzi 80 hazimwivishi mtu kwa sababu hewa ya sauna ni kavu, na jasho likikauka hupoza ngozi. Hapa Pwani tunateseka kwa nyuzi 32 kwa kuwa jasho halikauki. Mtu atasema basi, hewa ya Kibaha ina unyevu tele, sauna itawezekanaje? Fizikia inamjibu. Chukua hewa ya Kibaha ya nyuzi 30, yenye unyevu wa asilimia 75, uipashe hadi nyuzi 80: unyevu wake kwa kipimo hicho hicho huporomoka hadi chini ya asilimia 10. Ndani ya sauna hakuna Pwani tena. Ila kiasi cha maji kilichomo hewani ni kingi kuliko kwenye hewa ya baridi kali ya Lapland, kwa hiyo kata ya kwanza iwe ndogo. Anayemwaga ndoo nzima kwa kuiga video ataunguza masikio ya wageni wake.

Tatizo halisi la Pwani linaanzia mlangoni, unapotoka. Mfini hutumbukia ziwani au hujigaragaza kwenye theluji. Wewe unatoka ukiwa umeiva, unakutana na hewa nzito isiyokausha jasho. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kibaraza ni nusu ya sauna ya Kibaha, na mchoro uanzie hapo. Kielekee kusini mashariki kipokee upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili hadi Oktoba, na kiwe wazi pande tatu. Weka pipa au mtungi mkubwa wa maji kivulini, na kata yake. Kisarawe inaishinda Kibaha kwa hili, kwani vilima vya Pugu vina upepo ambao bonde la Ruvu halina. Msimu wa sauna ni kipupwe, Juni hadi Agosti, na saa yake ni baada ya magharibi. Nani atakaa saunani saa nane mchana wa Februari?

Mawe ndiyo yanayoamua kila kitu, na kwenye mawe ndipo ukanda wetu una mtego. Jiwe lililo karibu zaidi na mkazi wa Pwani ni la matumbawe au la chokaa, lile la Wazo na Kunduchi. Babu zetu walilijua vizuri: walilipanga juu ya magogo, wakalichoma, likatoka chokaa ya kujengea majumba ya Kilwa na Bagamoyo. Jiwe hilo hilo ukiliweka juu ya moto wa sauna wiki baada ya wiki, sehemu zilizo karibu na moto zitaanza kugeuka chokaa hai. Ukimwaga maji hapo, chokaa itachemka kwa hasira na kurusha vumbi linalochoma macho na mapafu. Lisitumike kabisa.

Jiwe la pili linalopatikana kirahisi ni lile la Lugoba, kule Chalinze, zinakotoka kokoto za maghorofa ya Dar. Ni gumu, halina hatari ya chokaa, lakini mawe ya jamii ile huwa na chembe za kwazi (quartz), zile zinazometameta. Kwazi ikifika nyuzi 573 hutanuka ghafla, ikipoa hunywea. Baada ya miezi kadhaa jiwe hupasuka na kuanza kumomonyoka, na changarawe huziba nafasi ambamo hewa inapaswa kupita. Unaweza kuanza nalo, lakini utalibadilisha mara kwa mara.

Wafini hupenda mawe mazito meusi yaliyotoka chini ya ardhi yakiwa moto, yasiyo na kwazi. Ndugu zao wa hapa nchini wapo, tena wengi: mawe meusi ya volkano yanayojengewa kuta Moshi na Arusha, na yale ya Rungwe. Chagua yasiyo na matundu mengi, ya ukubwa wa ngumi hadi ngumi mbili. Kwa tanuri la familia tafuta kilo 60 hadi 100. Yaoshe na kuyakausha. Kisha chukua matatu au manne, uyaweke kwenye moto mkali wa kuni kwa saa mbili, ukiwa mbali nayo, halafu uyamwagie maji kwa kata yenye mpini mrefu. Linalopasuka halifai, wala lililotoka karibu nalo. Mawe ya mtoni yana maji ndani yake, na yakipashwa haraka huweza kulipuka, kwa hiyo yaache kule Ruvu yaliko. Kila mwaka shusha mawe yote, tupa yaliyovunjika, panga upya kwa kuachia nafasi. Sauna isiyofanyiwa hivyo, mvuke wake hunuka vumbi.

Kisarawe ina zawadi nyingine kwa mjenzi wa tanuri. Chini ya vilima vya Pugu kuna udongo mweupe wa kaolini, uliojulikana na kuchimbwa tangu zamani, hata lile pango la popo wanaloenda kuliangalia watalii msituni Pugu ni shimo la machimbo yaliyoachwa. Kaolini safi haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700, ndiyo maana hutengenezewa matofali ya kuhimili moto. Kikasha cha moto kilichofunikwa ndani kwa matofali ya aina hiyo hudumu, na hutunza joto hata kuni zikiisha. Eneo la msitu sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo hakuna kwenda na sururu na kiroba. Nunua kwa wenye leseni.

Tanuri lenyewe fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti ataliunda kwa siku mbili, mradi umpe mambo matatu. Pleti iwe nene, milimita 6 hadi 10, kwa sababu pipa la mafuta lililokatwa litatoboka. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabomba ya maji, kisikaribie moto wala kisifanywe dohani, maana mafusho ya zinki ni sumu. Na mlango wa kuchochea kuni uwe na njia ya hewa inayoweza kufungwa na kufunguliwa. Nyuma ya tanuri ujenge ukuta wa tofali, na mbao zisikaribie chuma chini ya nusu mita. Dohani ipite kwenye paa la mabati. Makuti yanapendeza kibarazani, ila cheche moja ikidondoka utakuwa na sauna ya mwisho.

Na jambo moja liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani humo, hata siku kuni zimelowa. Kila mwaka tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa wakiwa wamefunga madirisha. Mkaa huua bila moshi wala harufu, na sauna ni chumba kidogo kilichofungwa.

Umeme je? Tanuri la umeme la sauna ya familia hula kilowati 6 hadi 9. La kilowati 9 kwa saa mbili ni hadi uniti 18. Mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1 ana uniti 75 kwa mwezi mzima. Jumamosi nne za sauna zinakaribia kumaliza uniti za friji, taa, televisheni na chaja za simu zote za nyumbani. Ongeza gharama ya kuvutiwa umeme wa njia tatu, ongeza siku ambazo umeme unakatika wageni wakiwa wamevaa taulo. Kwa Kibaha na Kisarawe jibu langu ni kuni, bila kusita.

Lakini kuni zipi, katika wilaya ambazo misitu yake mingi iliishia kwenye majiko ya Dar? Hapa mjenzi awe mkweli. Mtu mwenye ekari mbili zenye miembe, mikorosho na minazi ana matawi ya kupogoa kila mwaka, yanatosha. Mvinje na mkaratusi hukua upesi na huwaka kwa joto kali, unaweza kuipanda mpakani mwa kiwanja leo ukavuna baada ya miaka michache. Vifuu vya nazi ni vizuri kuanzishia. Maganda ya korosho usiyaguse: mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo. Kuni zikauke miezi sita chini ya banda. Na anayenunua mkaa au kuni za msituni kwa ajili ya starehe ya kutoka jasho, sina neno jema la kumwambia.

Mbao za ndani zina kanuni iliyo kinyume na fahari yetu. Tumezoea kwamba mbao nzuri ni nzito: mninga, mvule, mkongo. Saunani mbao nzito hubeba joto na kulitia kwenye makalio ya mtu. Benchi linataka mbao nyepesi, iliyokauka, isiyo na vifundo. Vifundo vya paina hutoa utomvu, na utomvu uliochemka huunguza na kung'ang'ania. Paina ya Mufindi, kutoka mashamba ya Sao Hill, inafaa kuta. Kwa mabenchi chambua ubao mmoja mmoja, ulipie zaidi kwa ulionyooka na kukauka. Wakulima wa Njombe na Mufindi walioingia katika kupanda miti kibiashara, mradi ambao Finland iliufadhili, wamelisogeza soko la mbao hizo karibu. Misumari ipigwe kutoka chini, kichwa kisiguse ngozi.

Tahadhari kubwa ni ile ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani ambazo kila fundi wa paa anazipendekeza kwa sababu ya mchwa. Paani sawa. Ndani ya chumba cha nyuzi 90 watu wakiwa uchi, hapana. Rangi, vanishi na gundi nazo hapana. Dhidi ya mchwa tumia akili ya ujenzi: msingi wa zege ulionyanyuka sentimita 30 au zaidi, nguzo za benchi zikae juu ya zege, sakafu ya saruji yenye mteremko na bomba la kutolea maji, na mlango uachwe wazi baada ya kila matumizi ili chumba kikauke kabisa. Mchwa na ukungu hupenda unyevu.

Vipimo havihitaji msanifu. Chumba cha mita 2 kwa 2.2, kimo mita 2.4, kinatosha watu wanne. Benchi la juu liwe sentimita 110 hivi chini ya dari, na nyayo za aliyekaa humo ziwe juu ya usawa wa mawe, kwa sababu joto lote liko juu. Mafundi wetu hupenda dari ndefu, wakijua nyumba ndefu ina hewa. Huku waambie wazi: kila sentimita juu ya kichwa chako ni kuni unazopashia hewa tupu. Kuta za tofali zifunikwe ndani kwa sufi ya mawe, karatasi ya alumini, nafasi ndogo ya hewa, kisha ubao. Jipsamu itabomoka, na sponji la godoro litawaka. Watengenezaji wa matanuri huhesabu kila mita moja ya mraba ya kioo au tofali tupu kama nyongeza ya mita 1.2 hivi za ujazo wa chumba. Ule ukuta wa kioo wa mita 4 za mraba unaoupenda kwenye picha ni karibu nusu ya sauna nyingine unayoipasha bure.

Hewa iingie kwa tundu lililo karibu na tanuri, itoke upande wa pili, chini ya benchi la juu. Watu huziba matundu hayo wakidhani wanatunza joto, kisha wanalalamika kichwa kinauma. Mlango ufunguke kwenda nje, usiwe na kitasa wala komeo, uwe na mpini wa mbao. Mtu aliyezidiwa lazima aweze kuuegemea tu na kutoka. Maji ya kumwagia mawe yawe baridi ya kunywa. Maji ya kisima chenye chumvi hula chuma na kuacha ukoko mweupe juu ya mawe. Ya bomba, yanayosafishwa Ruvu Juu pale Mlandizi, yanafaa, na ya mvua ni bora.

Vihta, kifungu cha matawi ya mbetula ambacho Wafini hujipigia mgongoni, hapa kitakuwa cha mkaratusi. Na hapo ndipo bibi yeyote wa Kisarawe atakapotabasamu, kwa sababu kujifukiza si jambo geni: chungu cha majani ya mkaratusi, mchaichai na mlimao, blanketi juu, mgonjwa ndani. Mwaka 2020, wakati wa korona, Rais John Magufuli alihimiza nchi nzima ijifukize, mjadala ukawa mkali. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, Sultani Seyyid Said alijenga bafu za Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Barghash akajenga Hamamni mjini Unguja, yenye vyumba vya mvuke, kwa matumizi ya watu wote. Leo zote mbili ni kavu, zinatembelewa kwa tiketi. Pwani hii ilishawahi kujua kuoga kwa mvuke.

Kuhusu afya nisiseme zaidi ya kilichopimwa. Watafiti wa Finland mashariki, wakiongozwa na Jari Laukkanen, waliwafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka 20 hivi, wakachapisha mwaka 2015: walioingia saunani mara nne hadi saba kwa wiki walikufa ghafla kwa moyo wachache kuliko walioingia mara moja. Hiyo haithibitishi kwamba sauna ndiyo iliyowaokoa, na hao ni watu waliokulia humo tangu utotoni. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mjamzito na mgonjwa wa moyo wamuulize daktari kwanza. Mwenye homa apime malaria, asijifungie kutoa jasho. Na bia zisubiri kibarazani hadi mzunguko wa mwisho uishe.

Kwa hiyo, ukiwa na kiwanja Soga, Visiga au Msimbu na hamu bado ipo, chukua kibali cha ujenzi halmashauri, nunua mbao zenye stakabadhi za TFS, panda mivinje kumi mpakani, na uanze na kibaraza. Chumba cha watu wanne, cha kuvulia nguo, tanuri la kuni na mawe meusi ya Moshi vinatosha. Zaidi ya hapo ni mbwembwe.